Kuandika historia ya nyumba ya kijijini Dodoma na ya familia iliyoishi humo

Kwa kaya nyingi za vijijini Dodoma, nyumba inayoonekana leo ni changa kuliko familia inayokaa ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuja Operesheni Dodoma, ikafuatiwa na Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, na watu waliokuwa wamejenga mbalimbali, kila mmoja karibu na shamba na malisho yake, wakahamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Hata kabla ya hapo tembe, yaani nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa la udongo, halikuwa jengo la kurithishana kwa karne. Paa lilichoka, nguzo zikaliwa na mchwa, mwenye kaya akafariki au malisho yakaisha, watu wakahama na kujenga upya mahali pengine. Ukianza na jengo lililosimama peke yake, historia yako itaishia 1974. Swali la kwanza kwa familia yoyote ni hili: kabla ya operesheni mlikuwa mnakaa wapi, na kabla ya hapo je?

Fuata mpangilio huu: wazee kwanza, kisha jengo, kisha mahame, yaani matongo ya makazi yaliyoachwa, na karatasi mwisho. Wengi hugeuza, wakakimbilia ofisini kutafuta faili. Faili litakuwepo hata mwaka ujao, lakini bibi wa miaka tisini huenda asiwepo. Isitoshe, bila majina na mahali ulivyopewa na wazee, hutajua utafute nini kwenye faili hilo.

Maandalizi

Weka mpaka wa kazi mapema. Vizazi vitatu vya kaya moja, yaani aliyejenga, watoto wake na wajukuu wake, ni kazi inayokamilika. Ukoo mzima haukamiliki, na walioanza kuandika ukoo mzima wengi wameishia kuwa na orodha ya majina yasiyo na maisha ndani yake.

Fanya kazi kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Mavuno yameisha, wazee wana nafasi, njia zinapitika, na majani yamekauka kiasi kwamba alama za makazi ya zamani zinaonekana ardhini. Kuanzia mvua za mwishoni mwa mwaka hadi Aprili kila mtu yuko shambani, na mahame yamefunikwa na magugu.

Vifaa ni vichache: kaunta buku la kwaya mbili, penseli (wino huvuja ukilowa), futi kamba ya mita 30, karatasi za gridi, simu yenye kinasa sauti, betri ya ziada, na fimbo ya mita moja uliyoipaka rangi mbili kwa kupokezana kila sentimita 10. Fimbo hiyo iingie katika kila picha ya ukuta, nguzo au kifusi. Bila kipimo ndani ya picha, baada ya miaka mitano hakuna atakayejua kama nguzo ile ilikuwa nene kama mkono au kama paja.

Piga hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji wa kijiji kabla hujaonekana ukipima kuta za watu. Dodoma ya leo, mtu mwenye futi kamba anafikiriwa kuwa mpima viwanja, na neno litasambaa kuwa ardhi inauzwa au inachukuliwa. Eleza mapema, mbele ya familia yote, kwamba hupimi mipaka ya shamba. Na kweli usipime. Historia ya familia ikishakuwa na mipaka ya ardhi ndani yake hubebwa hadi baraza la ardhi, na kuanzia siku hiyo hakuna mzee atakayekusimulia kwa moyo mweupe.

Kukaa na wazee

Salamu kwanza, mbukwa ya Kigogo na shikamoo, na usiwe na haraka ya kutoa daftari. Kilo ya sukari na majani ya chai yanatosha kwa adabu. Usilipe fedha kwa simulizi: anayelipwa kwa saa huongeza maneno, na jirani ambaye hakulipwa atakataa kusema.

Zungumza na mzee mmoja mmoja. Ukiwaweka watatu pamoja, wawili watamwachia mkubwa wao aseme, hata kama alikuwa Dar es Salaam wakati jambo likitokea. Kikao cha pamoja kina nafasi yake mwishoni, unaposoma ulichoandika ili kisahihishwe. Kikao kimoja kisizidi saa moja hivi. Mzee akichoka huanza kukubali kila unachosema.

Usikose wanawake walioolewa katika kaya ile. Mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba huiona kuwa jambo la kawaida, lakini mwanamke aliyeletwa akiwa binti alikuwa mgeni, akatazama kila kitu kwa makini kwa sababu ilimbidi ajifunze: nani analala wapi, jiko la nani liko wapi, mama mkwe anapenda nini. Muulize, “Ulipoolewa ulikuta nani hapa?” Swali hilo moja hufungua orodha ya watu wote wa kaya kwa mwaka mmoja unaoweza kukadiriwa. Kisha fuata na ya vitu: mlango ulitazama wapi, ng’ombe walilala wapi, maji mlichota kisima gani au korongo gani, nafaka mlihifadhi wapi, nani alizikwa upande gani. Kisima ni ushahidi mzuri sana, kwa kuwa watu hukumbuka kilichimbwa na nani na lini kuliko wanavyokumbuka mwaka wa nyumba.

Maswali yanayobeba jibu ndani yake huharibu kazi. “Tembe lilijengwa wakati wa Mwingereza, sivyo?” hupata “ndiyo” ya adabu. Uliza, “Lilijengwa wakati gani?” halafu nyamaza. Kimya kirefu cha mzee ni kazi anayoifanya, usikijaze wewe.

Mzee akipenda kusema Kigogo, Kirangi au Kisandawe, mwache aseme. Tafsiri utaifanya baadaye na kijana wa nyumba hiyo. Anza kila rekodi kwa kutaja tarehe, kijiji, kitongoji na jina la anayesema. Simu iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, siyo juu ya meza ya mbao inayotetemeka, na iwe upande usiopigwa na upepo, maana upepo wa kiangazi wa Dodoma unaweza kufuta saa nzima ya mazungumzo.

Majina yanachanganya kuliko kitu kingine. Mjukuu hupewa jina la babu, hivyo matendo ya wawili hubebeshwa mmoja. Baba mdogo huitwa baba tu. Mtoto wa mama mkubwa huitwa dada. Mtu mmoja ana jina la nyumbani, jina la ubatizo au la Kiislamu, na jina la utani ambalo kijiji kizima kinalitumia. Usiandike “kaka yake” bila kuuliza, “Mama mmoja?” Na mpe kila mtu namba. Njia rahisi ni hii: mwanzilishi wa kaya ni 1, wake zake ni 1A, 1B, 1C kwa mpangilio wa kuolewa, watoto ni 1A1, 1A2 na kuendelea. Basi 1B3 ni mtoto wa tatu wa mke wa pili, na mke wake wa kwanza ni 1B3A. Mabinti wapewe namba sawasawa na wavulana, na mbele ya jina uandike walikoolewa. Bila hivyo nusu ya familia hupotea katika kizazi cha kwanza tu.

Kufunga kumbukumbu kwenye mwaka

Wazee hawakuishi kwa kalenda ya ukutani, lakini waliishi ndani ya matukio ambayo miaka yake inajulikana. Kazi yako ni kubana kila jambo kati ya matukio mawili, moja la kabla na moja la baada.

Kwa Ugogo msumari mkubwa kuliko yote ni Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Mjerumani na ya Mwingereza yalichukua nafaka, ng’ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakatika, na juu yake ukaja ugonjwa wa mafua wa 1918. Familia nyingi zilitawanyika wakati huo. Baadhi ya watoto waliachwa kwa watu wengine ili wapate kula, na wako waliobaki huko moja kwa moja. Kwa hiyo ukikuta mtu katika ukoo ambaye hakuna anayeweza kueleza alivyoingia, uliza kwa upole kuhusu Mtunya. Nyuma yake kuna sotoka iliyoua ng’ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kodi ya nyumba iliyoanzishwa na Wajerumani 1898. Reli ya kati ilishapita Dodoma ilipofika Tabora 1912. Waliozaliwa baadaye hukumbuka nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930, mpango wa karanga wa Kongwa wa 1947 hadi 1951, na njaa ya katikati ya miaka ya 1950. Kwa watu wa Mvumi na jirani zake, utawala wa Mtemi Mazengo ni kipimo chenyewe. Utemi wote ulifutwa kisheria 1963.

Baada ya Uhuru matukio yanakaribiana: Azimio la Arusha Februari 1967, shilingi ya Tanzania kuingia badala ya ile ya Afrika Mashariki 1966, operesheni, uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, kuzaliwa kwa CCM 1977, vita vya Kagera 1978 na 1979, kifo cha Sokoine Aprili 1984, mvua za El Niño za 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu Oktoba 1999, ajali ya treni ya Igandu Juni 2002. Kondoa wana tukio lao la pekee: 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo iliondolewa kabisa katika eneo lililomomonyoka. Nyumba iliyokuwa na zizi katikati ikabaki bila ng’ombe, na kaya nyingine zikagawanyika, baadhi wakifuata mifugo ilikopelekwa. Historia ya nyumba ya Kondoa isiyouliza kuhusu 1979 imeruka jambo kubwa.

Tumia hivi. Bibi anasema, “Wakati wa njaa ile ya Waingereza nilikuwa nabeba mdogo wangu mgongoni.” Mtoto wa kike hubeba mdogo wake akiwa na miaka sita hadi kumi. Kama njaa anayoisema ni ya 1953 hadi 1955, basi alizaliwa kati ya 1943 na 1949. Andika hivyo hivyo, “kati ya 1943 na 1949.” Usiandike 1946 kwa kuwa iko katikati, msomaji atadhani umeiona kwenye cheti. Hakikisha pia njaa ni ipi, maana zilikuwa nyingi. Uliza walikula nini, msaada wa chakula ulikuja au haukuja, mahindi yalikuwa ya njano au meupe, na nani alifariki.

Tarehe za vitambulisho zisikudanganye. Mzee aliyeandikishwa ukubwani akaandikwa tarehe 1 Januari au 1 Julai mara nyingi alikadiriwa. Na usihesabu vizazi kwa miaka 25 kila kimoja. Mwanaume mwenye wake watatu aliweza kupata mtoto wa kwanza akiwa na miaka 22 na wa mwisho akiwa na 65, kiasi kwamba mtoto wa mke mdogo ni mdogo kuliko mjukuu wa mke mkubwa.

Kusoma jengo

Kama tembe bado lipo, hata nusu yake, una bahati. Lipime kabla ya masika yajayo. Tembe la Kigogo lilizunguka ua wenye zizi. Ukuta wa nje haukuwa na madirisha, na milango ilitazama ndani, kwa sababu mali yote, yaani ng’ombe, ililala katikati na ilipaswa kulindwa. Kila mke alikuwa na nyumba yake ndani ya mzunguko huo: chumba cha nje, na cha ndani cha kulala na kuhifadhi nafaka katika vilindo, yaani vyombo vikubwa vya nafaka. Kwa hiyo hesabu milango inayotazama uani, kisha uliza kila mlango ulikuwa wa mama yupi. Ramani ya tembe ni ramani ya ndoa za mwenye kaya, na mabawa yaliongezwa kadiri wake walivyoongezeka. Tafuta mahali ambapo ukuta mmoja umeegemea mwingine bila kushikana. Hapo ndipo nyongeza ilipoanzia.

Angalia nguzo. Za mpingo hudumu, kwani mchwa hauziwezi kirahisi, na mara nyingi zilihamishwa kutoka tembe la zamani hadi jipya. Pengo lililochongwa au tundu lililotobolewa kwa moto lisilo na kazi mahali lilipo ni dalili kwamba nguzo hiyo ilishasimama kwingine. Andika idadi ya nguzo, nafasi kati yake, na urefu kutoka sakafu hadi kwenye panda linaloshika boriti. Nafasi huwa ndogo kwa sababu ya uzito wa paa. Chukua bawa la mita 8 kwa 3 lenye udongo wa sentimita 15: hizo ni mita za ujazo 3.6, na kwa udongo mkavu wa tani 1.6 kwa kila mita ya ujazo unapata karibu tani 6 juu ya vichwa vya watu, bado hujaongeza maji ya mvua. Ndiyo sababu tembe halifi kwa jua. Hufa pale udongo wa paa usipoongezwa kabla ya masika, maji yakatuama kwenye bonde dogo, mabua na fito vikaoza, boriti ikaacha panda lake. Ukikuta paa limeanguka upande mmoja tu, uliza nani alikuwa akikaa upande huo na aliondoka lini. Mara nyingi majibu hukutana.

Usiingie chini ya paa lililoanza kubonyea. Pima kwa nje, piga picha kupitia mlangoni.

Nyumba ya tofali na bati inasomwa kwa namna nyingine. Pima tofali tatu tatu katika kila ukuta: urefu, upana, kimo. Tofali za udongo zilifyatuliwa kwa kibao cha fundi mwenyewe, na vibao havikufanana, hivyo ukuta wenye kipimo tofauti ni wa awamu tofauti au wa fundi tofauti. Ufa wima ulionyooka toka chini hadi juu kati ya kuta mbili ni chumba kilichoongezwa. Ufa unaopinda kwa ngazi ni msingi uliotitia. Mwaka uliochorwa kwenye sakafu ya saruji ni mwaka wa sakafu tu. Watu wengi walihamia wakiwa na sakafu ya udongo, wakasakafia baada ya mavuno ya miaka kumi mbele.

Bati ni daftari la mapato ya familia. Hesabu bati zote, tofautisha zenye kutu na mpya, na utazame matundu. Bati lenye matundu ya misumari yasiyo na papi (mbao za kupigilia bati) chini yake limewahi kuezeka nyumba nyingine. Halafu uliza swali ambalo wenye nyumba hulijibu kwa furaha: “Hizi mlinunua kwa mauzo ya nini?” Utasikia alizeti, zabibu, karanga, ng’ombe wawili, kazi ya reli, mtoto aliyeko mjini, mafao ya mwalimu. Kwa jibu hilo unapata uchumi wa kaya mwaka ule, na mara nyingi unapata na mwaka wenyewe.

Ramani ya nyumba ichore kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 1. Pima kuta nne za nje, kisha pembe kwa pembe mara mbili. Vipimo hivyo viwili vya pembe vikilingana nyumba imenyooka. Visipolingana, usilazimishe mraba kwenye karatasi, chora ilivyo. Kaskazini itafute kwa dira ya simu ukiwa umesogea mbali na bati na milango ya chuma, maana chuma huivuta.

Kwenda kwenye mahame

Nenda na mtu aliyeishi pale, asubuhi, kabla jua halijawa kali kwa mzee. Kwenye matongo tembe huwa limeyeyuka, limebaki matuta mafupi ya udongo yanayofuata mstari wa kuta. Tazama kutoka upande jua likiwa chini, vivuli huonyesha matuta hayo ambayo saa sita hayaonekani. Dalili nyingine ni ua wa minyaa uliosimama bila nyumba, visiki vya mpingo, mafiga, jiwe la kusagia lililochimbika katikati, vigae vya vyungu, kichuguu cha majivu, na duara ambalo mtama au uwele humea vizuri kuliko pembeni yake. Duara hilo ndilo zizi. Samadi ya miaka haiishi upesi.

Chukua nukta ya mahali (GPS) kwa simu, tarakimu tano baada ya alama ya desimali zinatosha, kwani hizo zinakufikisha ndani ya mita moja na nusu, na simu yenyewe hukosea zaidi ya hapo. Hesabu hatua kutoka kwenye mbuyu au mwamba wenye jina. Usitumie unene wa mbuyu kukadiria umri wa makazi. Mbuyu hunenepa na kusinyaa kwa maji, na ulikuwepo kabla ya watu.

Usichimbe na usibebe kitu. Hata jiwe la kusagia liache. Makaburi ya wakubwa wa kaya yako hapo hapo au karibu, na ruhusa ya kuyapiga picha aitoe mwenye kaburi, siyo kijana aliyekusindikiza. Chombo kinachoonekana cha kale sana kipigwe picha mahali kilipo na habari zipelekwe kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Karatasi

Anza na sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi. Humo mna kadi ya TANU au ya CCM, risiti za kodi, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la nne au la saba, barua za mtoto aliyeajiriwa mkonge Tanga au Morogoro, picha za studio. Kodi ya maendeleo iliondolewa 2003, kwa hiyo risiti zake zina kikomo kinachojulikana. Piga picha kila karatasi pande zote mbili, kivulini, bila mmweko. Mgongo wa picha ya studio mara nyingi una muhuri wa mji na mwaka. Karatasi usizilaminishe wala kuzibandika selotepu: joto la laminisheni haliwezi kurudishwa nyuma, na gundi ya selotepu hula maandishi. Bahasha ya karatasi ndani ya debe lenye mfuniko, mbali na ukuta wa udongo, inazuia mchwa.

Kanisani kuna vitabu vizuri kuliko watu wanavyodhani. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) walifika Mpwapwa 1876, na Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa 1927. Wakatoliki wana misheni za zamani kama Bihawana. Omba kwa paroko au mchungaji akutafutie yeye mwenyewe, ukimpa majina na miaka kumi ya kukadiria, badala ya kuomba kupekua. Katika kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki tazama pambizo: ndoa iliyofungwa miaka ishirini baadaye, hata parokia nyingine, huandikwa pale kando ya ubatizo. Kumbuka tu kwamba mtu aliweza kubatizwa akiwa na miaka arobaini. Kwa familia za Kiislamu, hasa Kondoa, muulize imamu na walimu wa madrasa wa zamani. Ushahidi mwingi uko kwa mashahidi wa ndoa wenyewe.

Shule ya msingi ina daftari la uandikishaji lenye jina la mtoto, mzazi au mlezi, na kijiji. Miaka ya kuzunguka 1977, elimu ya msingi kwa wote ilipotangazwa, orodha zinajaa ghafla, na watoto wakubwa wakaandikwa wadogo ili wakubaliwe.

Ofisi ya kijiji inaweza kuwa na masjala ya ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Familia yenye hati ya hakimiliki ya kimila ina majina ya majirani wa wakati huo. Kwa vijiji vilivyomezwa na mji, uliza nyumbani fomu za uthamini na fidia, kwani huorodhesha nyumba, miti, hata makaburi. CDA, mamlaka ya ustawishaji wa makao makuu, ilivunjwa 2017 na shughuli zake zikaenda kwa halmashauri ya Dodoma, hivyo huko ndiko pa kuulizia mafaili ya viwanja.

Nyaraka za Taifa zina vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza na mafaili ya Dodoma, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni. Nenda na barua ya utambulisho, na ujue kuwa nyaraka nyingi hufunguliwa baada ya miaka 30. Usitegemee kumkuta babu yako kwa jina. Utakutana na mtemi wake, njaa yake, bei ya ng’ombe wake na kodi yake, na hayo yanaipa simulizi mifupa. Tafuta kila tahajia: Mpwapwa ya Wajerumani ni Mpapua, na jina linaloanza na Chi- laweza kuandikwa Ci-, Ki- au Tschi-. Herufi l na r hubadilishana kila mahali. Majina ya wanawake humo ni machache mno, ndiyo sababu tena ya kuanza na bibi.

Kuandika

Pembeni mwa kila sentensi yenye habari weka herufi moja: O kwa aliyeona mwenyewe, S kwa aliyesimuliwa, K kwa kilichoandikwa. Msomaji wa baadaye ataweza kupima. Watu wawili wakipingana, andika yote mawili na majina yao. Usichague kwa sababu mmoja ni mkubwa au ana elimu. Mara nyingi wanapingana kwa kuwa wanasema juu ya nyumba mbili tofauti za kaya ile ile.

Andika kwa mpangilio wa makazi: matongo ya kwanza, ya pili, kijiji cha operesheni, nyumba ya bati. Ndani ya kila makazi sema nani alikuwepo, walikula nini, mali ilikuwa nini, na kwa nini waliondoka. Sababu ya kuondoka isikosekane.

Mengine yabaki nje: tuhuma za uchawi, mashaka kuhusu baba wa mtoto, maradhi ya mtu aliye hai au aliyeacha watoto wadogo. Kwa walio hai andika jina na namba tu, hadi kila mmoja akubali kwa maneno yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inataka ridhaa.

Isome rasimu kwa sauti mbele ya familia kabla ya kuchapa. Acha pambizo la sentimita 4 kulia kwa masahihisho, na uandike nani amesahihisha nini. Chapa nakala tatu kwa karatasi nene: moja kwa mkubwa wa kaya, moja kwa binti aliyeolewa mbali, moja kwenye maktaba ya shule ya kijiji. Rekodi za sauti zihifadhi bila kuzikata, kwenye vifaa viwili vinavyokaa nyumba mbili tofauti, na kila faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha namba ya msemaji, kwa mfano 2025-08-14-1B.